Jenereta za Fukushima na waya wa Fumba

Katika muda usiotimia miaka miwili, Unguja ilikosa umeme mara mbili, na mara zote mbili haikuwa kwa saa wala kwa siku. Usiku wa Mei 21, 2008 kisiwa kizima kilizimika, na umeme ukarudi Juni, karibu mwezi mmoja baadaye. Desemba 10, 2009 ukakatika tena. Safari hii watu walifunga mwaka na kufungua mwengine wakiwa gizani, hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kukumbushwa ngurumo za jenereta pale Darajani, moshi wa petroli katika vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo hewa yenyewe hupita kwa kuomba ruhusa, na foleni za madumu kwa sababu pampu za maji nazo zilikuwa zimelala. Mwenye friza la samaki alihesabu hasara, na fundi cherehani aliirudia cherehani ya miguu. Mahoteli yalijiendesha kwa dizeli na kumpelekea mgeni bili.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno ukilinganisha na balaa lililofuata. Umeme wa Unguja hauzalishwi Unguja. Unatoka Tanzania Bara, unaingia baharini Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na unatoka Fumba. Waya uliokuwepo ulilazwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Usiku ule wa Mei umeme wa gridi ya bara ulipanda na kushuka kwa ghafla, na pale Fumba, mahali waya wa bahari unapoungana na wa nchi kavu, kiungio hakikustahamili. Mara ya pili hitilafu ilikuja tena upande huohuo wa Fumba. Basi maisha ya kisiwa kizima yalikuwa yamening'inia kwenye kiungio kimoja, bila ya mtambo mkubwa wa akiba, na vipuri pamoja na mafundi ilibidi visubiriwe kutoka nje.

Mchumi mmoja, Alfredo Burlando wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliufanyia utafiti ule mwezi mmoja wa giza wa mwaka 2008. Alikuta kwamba kipato kilianguka kwa waliofanya kazi zinazotegemea umeme, na kwamba watoto waliokuwa matumboni au waliotungwa wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Alikuta pia kwamba miezi tisa baadaye watoto waliongezeka. Hilo la pili watu wa mjini hulicheka kwenye kahawa, na wana haki ya kucheka. La kwanza si la kuchekwa. Giza la mwezi mmoja liliandikwa katika miili ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Mwaka mmoja baada ya taa za Unguja kuwaka tena, Machi 11, 2011, lilitokea tetemeko la ardhi chini ya bahari mashariki ya Japani, lenye ukubwa wa 9.0, na likaleta tsunami. Dunia ilikuja kulijua jina la Fukushima kama jina la ajali ya nyuklia, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini anayeisoma ajali ile hatua kwa hatua, hasa akiwa mtu aliyepitia Desemba ya 2009 hapa kwetu, atagundua jambo ambalo mijadala mingi hulipita mbio. Ilianza kwa kukatika umeme.

Tetemeko lilipiga saa 8:46 mchana kwa saa za huko. Vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi katika kituo cha Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe kama vilivyopangwa. Hakuna kilichoharibika katika hatua hiyo kwa namna ya kutisha. Tatizo la kinu cha nyuklia ni kwamba kukizima si sawa na kuzima jiko la gesi. Urani iliyokwisha kufanya kazi huendelea kutoa moto kwa siku na wiki nyingi, nao moto huo lazima upozwe kwa maji, na maji lazima yasukumwe na pampu, na pampu lazima zipate umeme. Nyaya za nje zilikuwa zimekwisha kukatwa na tetemeko. Jenereta za dizeli zikawaka, kila kitu kikaendelea. Baada ya dakika 50 hivi bahari ikafika. Ukuta wa kinga ulikuwa umepangwa kwa mawimbi ya mita 5.7. Wimbi lililokuja lilikuwa na urefu wa mita 14 au zaidi. Jenereta nyingi zilikuwa chini, katika vyumba vya chini ya ardhi, pamoja na masanduku ya swichi. Zikazama. Kati ya jenereta 13 za dharura ilibaki moja tu ikifanya kazi, iliyokuwa ikipozwa kwa hewa na ikikaa mahali pa juu, na hiyo moja ndiyo iliyoviokoa vinu namba 5 na 6.

Waliobaki na vinu namba 1, 2 na 3 walikwenda kwenye maegesho wakang'oa betri za magari, wakaziunganisha ili angalau wasome vipimo na wajue ndani kuna nini. Katika nchi ya tatu kwa uchumi duniani wakati ule, wahandisi walikuwa wakifanya kile ambacho fundi wa Kwahani angekifanya. Haikutosha. Fueli iliyeyuka katika vinu vyote vitatu, haidrojeni ikakusanyika na kuripua majengo kati ya Machi 12 na 15, na zaidi ya watu 150,000 wakahama makwao.

Kaskazini kidogo, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kulikuwa na kituo chengine cha nyuklia kiitwacho Onagawa. Hicho kilisalimika. Hata wanavijiji waliopoteza nyumba zao kwa tsunami walikwenda kujihifadhi ndani ya uzio wake. Miongo mingi kabla, mhandisi aitwaye Yanosuke Hirai alikuwa amesisitiza kijengwe juu, karibu mita 15 kutoka usawa wa bahari, ingawa wenzake waliona gharama ni kubwa bila ya sababu. Nchi moja, tetemeko moja, tsunami moja, teknolojia ya aina moja. Tofauti ilikuwa mtu mmoja king'ang'anizi na kampuni iliyokubali kumsikiliza. Kule Fukushima, kampuni ya TEPCO ilikuwa na hesabu zake za ndani za mwaka 2008 zilizoonesha kwamba wimbi la zaidi ya mita 15 linawezekana. Hesabu hizo zilibaki kwenye makaratasi. Tume huru ya Bunge la Japani, chini ya Profesa Kiyoshi Kurokawa, ilitoa ripoti Julai 2012 ikasema wazi kwamba ajali ile ilitengenezwa na binadamu: serikali, msimamizi na kampuni walikuwa wamekaa kitako kimoja mno hata hakuna aliyemkaripia mwenzake.

Kuanzia hapo dunia iligawanyika, na jambo la kushangaza ni kwamba kila upande ulichukua ajali ileile kuwa ushahidi wake. Ujerumani, ambayo miezi michache tu kabla ilikuwa imerefusha umri wa vinu vyake, iligeuka mara moja, ikafunga vinane mwaka uleule na kuzima vitatu vya mwisho Aprili 15, 2023. Waitaliano walipiga kura ya maoni Juni 2011 wakaikataa nyuklia. Kuwait iliyokuwa na mipango ya vinu ikaiweka kando. Na wakati huohuo mwandishi George Monbiot wa Uingereza, mtu wa mazingira asiyetiliwa shaka, aliandika kwamba Fukushima ndiyo iliyomfanya aanze kuiunga mkono nyuklia: kituo kikuukuu, chenye kasoro, kimepigwa na tetemeko na tsunami, na bado mionzi haijaua watu wengi. Makaa ya mawe, alikumbusha, yanaua kila siku bila ya kuripuka.

Hoja yake haiwezi kufutwa kwa kuikasirikia. Tsunami yenyewe iliua au kuwapoteza watu karibu 20,000, ilhali kifo ambacho serikali ya Japani imekihusisha rasmi na mionzi ni kimoja, cha mfanyakazi aliyeugua saratani ya mapafu, na tamko hilo lilitoka mwaka 2018. Lakini hesabu hiyo nayo ina shimo. Zaidi ya watu 2,300 wa mkoa wa Fukushima walikufa kwa sababu zilizotokana na kuhamishwa na misukosuko yake: wagonjwa waliotolewa hospitali kwa basi, wazee waliovunjika moyo katika vibanda vya muda, waliojiua. Ukisema mionzi haikuwaua umesema kweli. Ukisema ajali haikuwaua umedanganya. Nasi tunaojua kwamba giza la mwezi mmoja linaweza kupunguza uzito wa mtoto tumboni tunapaswa kuielewa tofauti hiyo upesi kuliko wengi.

Ugomvi wa hesabu ulikuwepo tokea Chernobyl. Kinu kile kiliripuka usiku wa Aprili 26, 1986 katika Ukraine ya Kisovieti. Vifo vya moja kwa moja vilivyotajwa ni takriban 30. Mwaka 2005 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakakadiria kwamba waliopata mionzi mingi zaidi wanaweza kufikisha vifo 4,000 hatimaye. Greenpeace mwaka uliofuata ikataja idadi iliyokuwa mara 20 na zaidi ya hiyo. Mimi sina mizani ya kuwapima hawa. Ninachoona ni kingine. Moscow ilinyamaza. Dunia iliambiwa na viatu vya mfanyakazi mmoja wa kituo cha Forsmark, Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, vilivyoliza king'ora asubuhi ya Aprili 28. Mvua ilikuwa imeyashusha mavumbi ya mionzi juu ya nchi ambayo haikuulizwa chochote wala kuambiwa chochote. Ilibidi baada ya hapo utungwe mkataba wa kimataifa, Septemba mwaka huohuo, wa kuzitaka nchi zipeane taarifa mapema ajali ya namna ile ikitokea.

Sasa tuulete mjadala nyumbani, maana umekwisha kufika. Kenya iliunda kamati ya umeme wa nyuklia mwaka 2010, miezi michache kabla ya Fukushima, na haikurudi nyuma. Kamati ikawa bodi, bodi ikawa wakala uitwao NuPEA, na wakala ukachagua Uyombo, kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kilifi, kuwa mahali pa kinu cha megawati 1,000. Anayeijua pwani ile anajua ni mahali gani. Hapo kuna mikoko ya Mida Creek, kuna hifadhi ya bahari ya Watamu na kasa wake, na nyuma yake msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakaazi walikataa. Waliandamana, walipeleka malalamiko yao Seneti, na Mei 2024 waandamanaji wakakabiliana na polisi. Baadaye serikali ikageuza macho kuelekea Siaya, ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Watu wa Kilifi walikuwa wakisema mambo mengi, mengine ya kitaalamu na mengine ya khofu tupu, lakini swali lao kubwa lilikuwa rahisi: mbona mmekuja kutuambia baada ya kuchagua? Ni swali ambalo Zanzibar ingepaswa kuliuliza pamoja nao, na hatukuliuliza. Chukua ramani. Kutoka Uyombo hadi ncha ya kaskazini ya Pemba hakufiki kilomita 200. Hadi Nungwi ni chini ya 300. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo maji yangechukua uchafu wowote kwenda mbali nasi. Upepo ni habari nyengine. Katika miezi ya kusi ungepeleka moshi Lamu na Somalia. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, unavuma kutoka huko kuja huku, na njia yake wazee wetu waliijua vizuri kwa sababu ndiyo iliyowaletea majahazi. Sisemi kwamba Nungwi ingekuwa Chernobyl. Katika Fukushima eneo la kuhama lilifikia kilomita 20, kisha likaongezwa kufuata upepo ulikokwenda. Kijiji cha Iitate, karibu kilomita 40, kilihamishwa kwa sababu upepo na theluji viliishusha mionzi huko. Umbali wetu ni kinga kubwa. Hata hivyo kisiwa kinachoishi kwa utalii na uvuvi hakihitaji mionzi yenyewe ili kiumie. Kinahitaji uvumi tu. Wavuvi wa Fukushima wanaweza kukueleza samaki aliyepimwa na kukutwa safi anavyorudi sokoni bila ya mnunuzi.

Kuhamia Siaya nako hakukututoa katika picha. Maji ya Ziwa Victoria ndiyo maji ya Musoma na Mwanza. Uganda nayo ina mpango wake wa kinu huko Buyende. Na Tanzania yenyewe, ambayo haijajenga kinu, ina urani: mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo katika mkoa wa Ruvuma, ulio mikononi mwa kampuni ya Kirusi ya Rosatom. Ili mgodi huo uwezekane, mipaka ya pori la akiba la Selous ilibadilishwa kwa idhini ya UNESCO mwaka 2012, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchenjua madini hayo. Mtu akisema nyuklia ni jambo la Wazungu na Wajapani, ajue kwamba mnyororo wake umeanzia Ruvuma.

Hapa lazima nitie neno kwa ajili ya wanaoogopa jina lenyewe, maana Zanzibar ni mahali pabaya pa kuiogopa nyuklia kwa jina. Kisiwa cha Unguja kilinufaika na mionzi kuliko karibu kisiwa chochote ninachokijua. Kwa muda mrefu mbung'o wa Unguja, hasa wa msitu wa Jozani na pembezoni mwake, walikuwa wakiwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Mitego na dawa zilipunguza mbung'o lakini hazikuwamaliza. Kuanzia 1994, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o walifugwa kwa wingi katika kituo cha Tanga, madume wakapigwa mionzi ya gama hadi wakawa tasa, kisha wakaletwa kwa ndege ndogo na kumwagwa juu ya msitu. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Zaidi ya madume milioni 8 walirushwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mdudu yule. Anayepita Jozani leo kuwatazama kima punju hakuti kibao hata kimoja cha kusema kwamba juu ya miti ile kulipigwa vita vya nyuklia, na kwamba tulishinda.

Kadhalika wagonjwa wa saratani wa visiwa hivi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanatibiwa kwa mionzi. Na vyakula vinavyoingia na kutoka nchini vinapimwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kushika nafasi ya tume ya mionzi ya sheria ya 1983. Wafanyabiashara hulalamikia ada na kuchelewa, na mara nyingi wana sababu. Lakini kipimo hicho kina maana kwa sababu Chernobyl ilionesha kwamba maziwa ya unga hayabebi pasipoti.

Basi Unguja ijenge kinu? Hapana, na sababu yangu ya kwanza si khofu. Ni hesabu. Kanuni inayotumika na wahandisi wa gridi ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi nzima, ili ukizimika ghafla usiiangushe gridi pamoja nao. Waya wa pili wa Unguja, uliogharamiwa na Marekani kupitia mfuko wa MCC, ukatengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Viscas na kukabidhiwa mwaka 2013, una uwezo wa megawati 100. Kinu cha kawaida cha megawati 1,000 ni mara kumi ya waya huo. Hata gridi ya bara, ambayo baada ya kukamilika bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 imepita uwezo wa megawati 4,000, ingekibeba kinu cha namna hiyo kwa taabu.

Barazani hutokea mtu akasema: basi tuletewe kile cha kuelea, meli ya Warusi. Ipo kweli. Akademik Lomonosov imefungwa gati katika mji wa Pevek, kaskazini kabisa ya Urusi, na ina vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja. Kwa maneno mengine ni megawati 70, zaidi ya nusu ya uwezo wa waya wetu, zikitegemea chombo kimoja kilichofungwa kamba bandarini. Tutakuwa tumetoka kwenye kiungio kimoja cha Fumba tukaenda kwenye kiungio kimoja chengine, na hiki kina urani ndani yake.

Zanzibar ina njia nyepesi kuliko hiyo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa mradi wa kuubadili umeme wa visiwa hivi, ukiwamo umeme wa jua na betri zake. Betri ndizo zenye maana hapo, kwa sababu jua huzama saa kumi na mbili na nusu, na mahoteli huwasha viyoyozi baada ya hapo. Waya mpya, jua la Makunduchi, betri, na jenereta za akiba zinazowashwa na kujaribiwa mara kwa mara badala ya kutazamwa zikiota kutu: hayo yataliondolea Shirika la Umeme khofu ya Desemba nyengine kama ile, na hayahitaji mtu yeyote kuhama kijiji.

Sababu yangu ya pili ni nzito zaidi, nayo haihusu Unguja peke yake. Agosti 25, 2023 Kenya nzima ilikosa umeme. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta ya akiba ya jengo moja ilikataa kuwaka, na waziri akalazimika kuomba radhi. Haikuwa aibu ya Kenya tu. Sote katika Afrika ya Mashariki tunaijua jenereta hiyo. Kila ofisi inayo. Lakini ukishasoma yaliyotokea Fukushima, huwezi tena kuichukulia jenereta isiyowaka kuwa ni kero ya kawaida. Ndiyo mtihani wenyewe.

Nasi Zanzibar hatuna pa kuchekea. Mwaka uleule wa Fukushima, usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya 200 iliopolewa, na tume ikaja kutaja idadi kubwa zaidi ya waliopotea. Ilikuwa imebeba abiria kupita uwezo wake mara kadhaa. Kanuni ya idadi ya abiria ilikuwepo. Waliopaswa kuisimamia walikuwepo. Haikupita hata mwaka, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama. Anayetaka kujua kama jamii iko tayari kuwa na kinu cha nyuklia, asianze kwa kuuliza ina wahandisi wangapi. Aulize nani anaweza kuizuia meli iliyojaa isiondoke, na akiizuia, kesho yake kazi yake itakuwepo? Hilo ndilo Yanosuke Hirai aliloweza kulifanya Onagawa, na ndilo lililokosekana Fukushima, pwani ileile.

Na kumbuka nani alilipa. Wakubwa watatu wa zamani wa TEPCO walishitakiwa, mahakama ikawaachia huru mwaka 2019. Kampuni ilichukuliwa na serikali, maana yake mlipa kodi. Usafishaji umepangwa kuchukua miaka 30 hadi 40, na wengi wanaona hata huo ni mfupi. Ndani ya vinu vile mna takriban tani 880 za mabaki ya fueli iliyoyeyuka. Novemba 2024, zaidi ya miaka 13 baada ya ajali, kifaa cha kuendeshwa kwa mbali kilifanikiwa kutoa kipande cha kwanza. Hakikufika gramu moja. Japani ina fedha na subira ya kazi hiyo. Sisi, kwa kiungio cha Fumba, tulikaa miezi mitatu.

Haya yote hayamaanishi kwamba Kenya au Uganda hazina haki ya kutafuta umeme. Zina haki, na watoto wanaosoma kwa kibatari wana haki zaidi ya mimi ninayeandika kwa taa. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Wazanzibari wengi wana ndugu, ulianza kujenga kituo cha Barakah mwaka mmoja baada ya Fukushima, na leo vinu vyake vinne vinatoa karibu robo ya umeme wa nchi ile. Inawezekana. Ila Abu Dhabi ilianza kwa kuunda msimamizi mwenye meno na fedha za kumlipa, kabla ya kumwaga zege.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakubwa wa hapa. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar na Tume ya Nguvu za Atomiki waiombe Kenya, kwa barua na kwa kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ripoti za tathmini ya mazingira za vinu vyake, iwe ni Siaya au Kilifi siku ikirudi kuzungumzwa, nazo zichapishwe kwa Kiswahili. Ziseme upepo wa kaskazi umepimwa vipi, jenereta za akiba zitakaa mita ngapi juu ya maji, na Zanzibar itapigiwa simu baada ya dakika ngapi jambo likiharibika. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waliulize hilo Chukwani katika kikao kijacho, kabla zege halijamwagwa.